Malezi ya Wenye Ulemavu wa Akili Mashariki mwa Nairobi

Katika zama za ukoloni, ilipojengwa mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo na baadaye Kaloleni, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili hakuwa na msaada ila subira yake na wema wa majirani. Kwani hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilikusudiwa wagonjwa wa akili, na ulemavu huu si maradhi ya kuponywa kwa dawa.

Faraja ilikuja taratibu: mwaka 1984 ikaanzishwa huduma ya kupima watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi, na mwaka 1986 Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, ambayo leo iko Kasarani, ikaanza kuwafunza walimu wa watoto hao.

Elimu wanayopewa watoto hawa ni ya upole: kunawa uso hugawanywa hatua kwa hatua, kushika kata, kuteka maji, kufuta uso, na kila hatua hupewa sifa yake, naye apigaye kelele hatandikwi, bali huchunguzwa kwanza ni jambo gani lililotangulia ghadhabu yake: njaa, zogo la kiwanja au maumivu asiyoweza kuyatamka. Malezi haya ni haki ya mtoto, wala si sadaka.