Pishi ya Sultani na Pishi ya Mvuvi

Katika mambo ambayo dini ya Kiislamu ilikuja nayo kisiwani Pemba, na watu wakayashika kizazi baada ya kizazi, hakuna linalonipendeza kulitazama kama zaka ya fitri, kwa sababu ndani yake mna hukumu ambayo wafalme hawakuitunga wala hawakuwa na uwezo wa kuitangua: kila aliye na chakula cha kumtosha yeye na walio chini yake usiku wa Idi na mchana wake, na kikazidi, imempasa kutoa pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu aliye katika matumizi yake, na pishi ya Sultani aliyekaa katika jumba lake la pwani Unguja haikuzidi hata kibaba kimoja pishi ya mvuvi wa Tumbe. Basi aulizapo mtu kama yafaa wenye daula na mali nyingi kuwahimiza raia watoe, mimi humjibu kwanza kwamba raia wa Pemba hawakungoja kuhimizwa, maana sheria ilikwisha kuwahesabu kuwa ni watoaji. Pili, lililobaki kuulizwa ni kuhusu huyo mwenye enzi mwenyewe, mali anayoisimamia imetoka wapi, na sehemu gani ya mali hiyo amekwisha kuitoa kabla ya kufungua kinywa chake.

Kisiwa hiki kimeonja watawala wa namna nyingi. Kule Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, bado yapo magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo mapokeo yanainasibisha na Muhammad bin Abdulrahman, yule aliyelakabiwa Mkama Ndume, na wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijiburuta kwa makalio. Ikiwa masimulizi yametia chumvi, hayo ni tabia ya masimulizi. Lakini ni jambo la kuzingatiwa kwamba, baada ya karne tano, watu wa Pemba hawakumkumbuka mtu yule kwa ngome yake tu, bali pia kwa kazi aliyoichukua kwao bila ya ridhaa.

Wakaja Mazrui wa Mombasa, na mwaka 1823 majeshi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, yakawaondoa, na baada ya hapo ikaja karafuu. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba. Lakini utajiri mkubwa wa Pemba haukuja kwa amri hiyo, ulikuja kwa msiba wa jirani, pale tufani ya Aprili 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi usio kifani, na ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za dola ikawa inatoka Pemba, ikipandwa, ikipaliliwa na kuchumwa na watumwa hata ilipotoka amri ya Sultani Sayyid Hamoud bin Muhammed ya kuufuta utumwa kisheria mwezi wa Aprili 1897, na baada yake na vibarua waliolipwa kwa pishi. Na juu ya karafuu hizo ukatozwa ushuru ambao kwa miaka mingi ulikuwa ni robo ya thamani yake.

Hapa ndipo nisipoweza kunyamaza. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliingiza maji ya mfereji katika mji wa Unguja kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na watu wakayateka bila ya malipo, na hiyo ni ihsani ambayo haki yake ni kushukuriwa. Lakini katika hazina ya mfalme yule lilikuwamo jasho la Mkoani, la Chake Chake na la Wete, na mchumaji wa Pemba aliyekuwa akilijaza pakacha lake juu ya mkarafuu hakuitwa mfadhili wa mfereji ule, ilhali alikuwa mmoja wao. Sisemi kwamba mfalme hakutoa. Nasema kwamba mengi ya aliyoyatoa yalikuwa yamekwisha kutolewa na wengine, na majina yao hayakuandikwa.

Na watu hao hao, kwa upande wao, walikuwa wakitoa kwa njia yao wenyewe, nayo ni wakfu. Mwenye mali huifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yaende pale alipopataja, ama kwa dhurria yake, ama kwa msikiti, chuo, kisima au maskini. Ada ya visiwa vyetu inakubali kwamba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na kwa sababu hiyo mlango wa wakfu haukufungwa kwa asiye na shamba: aliyekuwa na mkarafuu mmoja tu, au mnazi mmoja, aliweza kuuweka wakfu wa msikiti wa mtaa wake. Msimu unapofika, msimamizi huikodisha mikarafuu ya wakfu kwa mtu wa kuichuma, na fedha ikanunua mafuta ya taa, mikeka, kamba na ndoo ya kisima, na kilichozidi kikatengeneza paa. Hakuna tarumbeta iliyopigwa kwa ajili ya wakfu wa namna hii, na majirani walijua mti ni wa msikiti kwa kuambiana tu. Na kwa rai yangu mwanamke wa Kengeja aliyefunga mnazi wake ili watu wapate maji ya kutawadha amefanya tendo ambalo mfalme yeyote angestahili kwenda kwake kujifunza, si kumfundisha.

Mwaka 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamoud na chini ya himaya ya Waingereza, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu, na jambo lililokuwa baina ya mja, msimamizi na jirani likapata daftari na karani. Daftari lilikuwa na faida yake, kwani si wasimamizi wote walikuwa waaminifu. Lakini mtu wa shamba alianza kuuliza fedha zimekwenda wapi, na alipokosa jibu, mkono wake ulisita.

Mfano wa mkubwa aliyehimiza kwa namna ninayoikubali naupata nje ya Pemba. Aga Khan wa tatu, imamu wa Waismailia, aliyeitwa Mtukufu ingawa hakuwa na nchi ya kutawala, alipimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, na fahari ile iliwashangaza wengi. Lakini jambo kubwa zaidi ni lile la mwaka mmoja kabla, ilipoasisiwa Mombasa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, akaahidi kwamba kila shilingi itakayochangwa na Waislamu wa nchi hizi itatiliwa shilingi nyingine juu yake. Mchango wa mnyonge haukudharauliwa, bali uliongezewa nguvu, na misikiti na madrasa zikajengwa. Jumuiya yenyewe ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968; majengo mengi yakabaki yakitumika.

Kwetu, katika Mapinduzi ya Januari 1964, Sultani Sayyid Jamshid bin Abdullah akaondoka na kiti cha usultani kikaondoka naye. Mashamba makubwa yakatwaliwa na serikali, na mengi yakakatwa eka tatu tatu na kupewa watu. Wakfu ulibaki na ofisi, na sheria ya mwaka 2007 ikaiweka chini ya jina la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtu wa Wete anayetaka kuifunga mikarafuu yake leo ana haja ile ile ya babu yake: kujua uchumaji wa msimu huu umekodishwa kwa kiasi gani, fedha zimeshikwa na nani, na msikiti au chuo kimepata nini, na mkubwa yeyote atakayependa kumhimiza atoe, na aanze kwa kumsomea hesabu hiyo hadharani, ya mali yake mwenyewe ikitangulia.