Mafunzo ya msaidizi wa elimu maalumu

Msaidizi wa elimu maalumu ni mtumishi wa shule ambaye, chini ya uongozi wa mwalimu, humsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza kushiriki masomo na maisha ya shule. Si mwalimu, kwa kuwa haandai azimio la kazi wala hatungi mtihani. Si yaya pia, kwa kuwa hata anapomlisha mtoto au kumpeleka msalani anafuata malengo yaliyowekwa katika mpango wa elimu wa mtoto huyo. Mafunzo yake hutofautiana sana kati ya nchi na nchi: mahali pengine ni semina ya siku chache, pengine ni cheti cha chuo cha mwaka mzima.

Asili

Katika Afrika Mashariki, elimu ya watoto wenye ulemavu ilianza katika shule za bweni za kimisionari. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri, Dodoma, ikaanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Humo kazi ya usaidizi ilikuwa mikononi mwa walezi wa mabweni, nayo ilihusu zaidi chakula, usafi na usalama.

Nafasi ya msaidizi wa darasani ilitokana na uamuzi wa kuwaingiza watoto hao katika shule za kawaida. Nchini Marekani, Rais Gerald Ford alitia saini tarehe 29 Novemba 1975 sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma bila malipo. Uingereza ilipata ripoti ya kamati ya Mary Warnock mwaka 1978 na Sheria ya Elimu ya 1981. Mwaka 1994, wawakilishi wa serikali 92 waliokutana Salamanca, Hispania, walitangaza kwamba shule za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 24, uliigeuza elimu jumuishi kuwa wajibu wa nchi zilizouridhia, zikiwemo Kenya na Tanzania.

Mwalimu mmoja mwenye darasa zima hakuweza kumudu mahitaji ya watoto hao peke yake. Shule ziliajiri wasaidizi, mara nyingi akina mama wa jirani waliokuwa na moyo wa kazi lakini hawakusomea chochote. Kazi ilitangulia, mafunzo yakafuata nyuma, na pengo hilo halijazibwa hadi leo.

Maudhui ya mafunzo

Kozi nyingi huanza na ukuaji wa mtoto na aina za mahitaji: ulemavu wa viungo, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili, usonji, uziwi, kutoona, uoni hafifu, na ugumu wa kusoma na kuandika kwa watoto ambao akili zao ni timamu. Hufuata sheria za ulinzi wa mtoto, utunzaji wa siri za familia, huduma ya kwanza na namna ya kuandika taarifa. Sehemu nzito zaidi ni stadi za kila siku, kwa sababu hapo ndipo mazoea ya mitaani yanapokinzana na utaratibu sahihi.

Mfano ni kifafa. Mwanafunzi wa kozi hufundishwa kuangalia saa, kuondoa vitu vigumu karibu na mtoto, kumlaza ubavu mtikisiko unapokwisha, na kutafuta msaada wa tabibu ukizidi dakika 5. Kumtia kijiko mdomoni au kumshikilia kwa nguvu ni marufuku. Vivyo hivyo kwa asiyeona: yeye ndiye hushika mkono wa msaidizi juu kidogo ya kiwiko na kumfuata nusu hatua nyuma, hakokotwi kwa kuvutwa mkono wala fimbo yake nyeupe. Kwa kiziwi anayetazama midomo au alama, msaidizi hasimami akiwa amelipa mgongo dirisha lenye mwanga mkali, maana uso wake utakuwa gizani. Mwanafunzi mwenye ualbino huhitaji kukaa mbele, maandishi makubwa, na kukingwa na jua wakati wa michezo.

Kwa mtoto mwenye usonji, kozi hufundisha matumizi ya ratiba ya picha na kumtahadharisha mapema kabla ya kubadili shughuli. Mtoto akipiga kelele au kujiuma, msaidizi hurekodi mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Baada ya siku kadhaa rekodi hiyo huweza kuonyesha kwamba vurugu hutokea kila kengele inapolia, au kila anapopewa kazi asiyoielewa. Kwa njia hiyo tabia husomwa kama ujumbe, si kama utundu wa kuadhibiwa.

Stadi ya msingi kuliko zote ni kupanga kiwango cha msaada. Kazi kama kufunga vifungo vya shati hugawanywa katika hatua ndogo ndogo. Msaidizi kwanza husubiri, mtoto akikwama humpa kidokezo cha neno, kisha ishara, kisha humwonyesha, na mwisho kabisa humshika mkono. Kadiri mtoto anavyoweza, ngazi hizo hupunguzwa. Wakufunzi wengi husema ugumu wa somo hili haumo katika kulielewa bali katika kulitekeleza, kwa kuwa mtu mzima huona ni wepesi na huruma kumfanyia mtoto kuliko kumngoja.

Mafunzo kwa vitendo

Hakuna kozi inayoheshimika isiyo na mafunzo kwa vitendo shuleni. Mwanachuo huanza kwa kutazama, kisha hukabidhiwa mtoto mmoja au kikundi kidogo chini ya macho ya mwalimu na mkufunzi. Hujifunza pia mambo yasiyo katika vitabu: kupokea maelekezo ya mwalimu katika dakika chache kabla ya kipindi, kuzungumza na mzazi bila kuvuka mipaka ya kazi, na kumwinua mtoto mzito kutoka kwenye kiti mwendo bila kuumiza mgongo wake mwenyewe. Nchi nyingi hudai uchunguzi wa rekodi ya uhalifu kabla ya mtu kuruhusiwa kuwa karibu na watoto.

Sifa katika nchi mbalimbali

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliweka masharti kwa wasaidizi wa shule zinazopata fedha za serikali kuu kwa ajili ya jamii maskini: wawe na shahada ya chuo cha miaka miwili, au masomo ya chuo yanayolingana na miaka miwili, au wafaulu mtihani. Mtihani unaotumika katika majimbo mengi, ParaPro, una maswali 90 ya kusoma, kuandika na hisabati. Masharti hayo hupima elimu ya jumla. Hayapimi ujuzi wa kushughulika na ulemavu.

Uingereza ina vyeti vya ngazi mbalimbali na, tangu 2003, daraja la msaidizi mwandamizi anayeweza kusimamia darasa zima kwa maelekezo ya mwalimu. Nchini Ireland nafasi hiyo imewekewa mipaka ya mahitaji ya malezi, si ufundishaji. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, vyuo vya umma hutoa cheti chenye mafunzo kwa vitendo ndani yake.

Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, uwekezaji mkubwa umeelekezwa kwa walimu. Kenya ilianzisha Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, huko Kasarani, Nairobi, mwaka 1986. Nayo hufundisha walimu na kutoa kozi fupi kwa watu wengine wanaohudumia watoto wenye ulemavu. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na Uganda hufundisha fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoimeza taasisi ya taifa ya elimu maalumu mwaka 2003.

Wanafunzi wenye mahitaji maalumu nchini Tanzania husoma katika shule maalumu, vitengo vilivyo ndani ya shule za kawaida, au shule jumuishi. Kazi ya msaidizi hugawanyika kati ya matroni, patroni, wakalimani wa lugha ya alama, wazazi, na wanafunzi wenzao, ambao husukuma viti mwendo na kuwasomea wasioona. Jijini Nairobi baadhi ya wazazi wenye uwezo hulipa mtu wa kukaa na mtoto wao darasani. Sera ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaitambua nafasi ya msaidizi, lakini kuitambua nafasi ni jambo moja na kuitengea mishahara ni jambo jingine.

Utafiti

Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake, nchini Marekani, walieleza madhara ya msaidizi kuwa karibu na mtoto muda wote: mwalimu hujitoa, wanafunzi wengine hukaa mbali, na mtoto huzoea kungoja. Nchini Uingereza, utafiti wa Peter Blatchford na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia maendeleo ya wanafunzi zaidi ya 8,000, uligundua kwamba waliopata msaada mwingi wa wasaidizi waliendelea polepole kuliko wenzao wa hali kama yao waliopata msaada mdogo. Watafiti hawakuwalaumu wasaidizi. Walionyesha kwamba wengi hawakuwa na muda wa kukutana na mwalimu kabla ya kipindi, na kwamba walijali zaidi kazi imalizike kuliko mtoto aelewe.

Matokeo hayo yamebadili mafunzo yenyewe. Kozi za sasa huweka mkazo katika kuuliza badala ya kujibu, kukaa na kikundi badala ya kumganda mtoto mmoja, na kumfundisha mwalimu pia namna ya kumtumia msaidizi. Mwalimu asipofundishwa hilo, cheti cha msaidizi hakina faida kubwa.

Kipimo cha kazi

Katika nchi nyingi wasaidizi hulipwa kidogo, na wengine hawalipwi shule zinapofungwa. Baadhi huitumia kazi hiyo kama njia ya kuingia ualimu. Ubora wa mafunzo yao haupimwi kwa wingi wa saa msaidizi anazokaa kando ya mtoto, bali kwa mambo ambayo mtoto anaweza kuyafanya mwenyewe mwisho wa mwaka na hakuyaweza mwanzoni.