Udongo, Ukili na Siasa ya Mikono ya Watoto

Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule za chekechea. Mwasisi wake, Friedrich Froebel, alikuwa ameanza kazi hiyo katika mji mdogo wa Bad Blankenburg mwaka 1837. Humo watoto walifinyanga udongo, walisuka, walikunja karatasi na kutunza vitalu vyao vya bustani. Tuhuma dhidi yake zilikuwa ujamaa na kumkana Mungu. Inaelezwa kwamba wakubwa walimchanganya na Karl, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa na msimamo mkali wa kisiasa. Mimi sioni kwamba mkanganyiko wa majina unatosha kueleza jambo hili. Dola iliyotikiswa na mapinduzi ya 1848 ilikuwa na sababu ya kumwogopa mtoto aliyezoea kuunda kitu kwa fikra zake mwenyewe. Froebel alifariki mwaka 1852. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Huku kwetu hapakuhitajika Froebel. Mtoto alijifunza kusuka ukili akiwa ameketi kando ya bibi yake. Aliunda kigari cha mabua, akafinyanga ng'ombe wa udongo, akafunga mpira kwa majani makavu ya migomba. Hakuna aliyeliita somo.

Lilipokuja kuitwa somo, lilikuja na nia nyingine. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu "inayolingana na mazingira" ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi wa mikono. Kielelezo chake kilikuwa Hampton na Tuskegee, vyuo vya Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata London ilitoa sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika, na Kabete, nchini Kenya, ikafunguliwa shule ya Jeanes ya kuandaa walimu wa mkondo huo. Maneno yalikuwa matamu. Lakini shule zilikuwa zimetengwa kwa rangi, na kila mzazi alijiona kwa macho yake kwamba mshahara na sauti mbele ya Bwana Shauri vilitoka kwenye kalamu. Akataka kalamu. Wapo wasomi waliomlaumu kwa kudharau kazi ya mikono, nadhani walimwonea. Alichokikataa ni mwanawe kupangiwa mwisho wa safari kabla hajaianza.

Mwalimu Nyerere aliujua mtego huo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka kazi iwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua juu ya shamba lao na mapato yake. Sharti hili la pili ndilo lililosahauliwa upesi. Sisi tuliosoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya themanini twakumbuka: "Kesho kila mtu aje na ufagio." Nani aliuliza umetengenezwaje? Mama alinunua chelewa sokoni, baba akazifunga usiku, mtoto akapata alama. (Na asiyeleta alipata viboko, ambavyo navyo vilikuwa kazi ya mikono.)

Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa, wazazi wamelalamika wazi kwamba kazi za sanaa za watoto zinawaangukia wao, pamoja na gharama ya vifaa. Malalamiko hayo nayasikia pia kwa wenye watoto katika shule za awali za kulipia hapa kwetu: manila, gundi, pambo la plastiki, vyote vya dukani, wakati nyuma ya darasa kuna vifuu, majani na udongo wa mfinyanzi bure. Mwalimu hawezi kulaumiwa peke yake. Kufinyanga na watoto wa miaka minne kunataka maji, muda, nguo za kuchafuka na mtu mzima anayeweza kunyamaza mtoto akiunda ng'ombe wa miguu mitatu. Mkaguzi akija, kilichobandikwa ukutani ndicho atakachokiona. Na ng'ombe huyo wa miguu mitatu hasimami. Ameegemezwa dirishani, anakauka.