Kwa nini mchoro ukibandikwa huhama

Leo tuache simu na intaneti kidogo. Kuna jambo lililonikesha usiku kadhaa nikisoma mambo ya kale ya kompyuta, na lilianza na ploti.

Binamu yangu ni mchoraji wa ramani za nyumba huko Thika. Alinipigia simu jioni moja, sauti imepanda. "Wewe si mtu wa kompyuta? Njoo uone, ploti yangu imehama." Nikadhani ni mzaha. Ploti yenyewe ni ile yetu ya kawaida, futi 50 kwa 100. Alikuwa amenakili mpaka wake, pamoja na mstari wa hifadhi ya barabara, kutoka kwenye mchoro wa mpima ardhi. Akapiga Ctrl+C, akafungua mchoro wake, akapiga Ctrl+V, kisha akabofya kipanya pale alipoona panafaa. Umbo lilikuwa sawa na vipimo sawa. Ila ploti nzima ilikuwa imesogea karibu mita 2, na ukuta wa mbele wa nyumba ya mteja ukawa umeingia kwenye hifadhi ya barabara bila mtu kujua. Vijana wa mpima ardhi ndio waliogundua walipokuwa wakipiga vigingi, siku mbili kabla ya msingi kuchimbwa.

Binamu aliapa kwamba programu ina hitilafu. Mimi nami nilianza kwa kuitafuta hitilafu hiyo. Haipo. Programu ilifanya kile hasa ilichoambiwa, na sababu yake ina zaidi ya miaka 40.

Kunakili na kubandika tunakokujua kulikomaa katikati ya miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC, California. Larry Tesler na Tim Mott walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, kwa ajili ya wahariri wa vitabu. Wahariri wa siku hizo walikata karatasi kwa makasi na kuibandika upya kwa gundi, ndiyo maana maneno hayo mawili yapo kwenye menyu zetu hadi leo. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, Lisa ikatoka mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na baada ya hapo kila mtu akaiga.

Sasa angalia: hawa walikuwa watu wa maandishi. Neno halina anwani. Ukilitoa ukurasa wa 3 ukaliweka ukurasa wa 9, bado ni neno lile lile, na swali pekee ni kishale kiko wapi. Mstari wa mpaka ni kitu kingine kabisa. Kona ya ploti ya Thika, katika vipimo vya UTM, iko karibu na 285,000 upande wa mashariki na 9,886,000 upande wa kaskazini. Ukiondoa namba hizo umebaki na picha ya ploti, si ploti.

AutoCAD ilitoka Desemba 1982, kazi ya John Walker na wenzake, na kwa miaka mingi iliishi ndani ya DOS. Humo hapakuwa na klipubodi ya kushirikiana. Ukitaka kuhamisha kitu kutoka mchoro mmoja hadi mwingine ulitumia amri ya WBLOCK kukiandika kama faili, ukafunga mchoro, ukafungua wa pili, kisha ukakiingiza kwa INSERT. Ilichosha, lakini WBLOCK ilikuuliza swali moja la maana: sehemu ya kushikia iko wapi? Mchoraji alilazimika kufikiri.

Windows ilipokuja, watu walitaka Ctrl+C kama ya kwenye barua. Walichofanya wahandisi kinanichekesha kama mwandishi wa programu: chini ya pazia ni WBLOCK ile ile! Ukinakili, AutoCAD inaandika mchoro mdogo wa muda kwenye folda ya TEMP, wenye jina linaloanza na A$C, na ukibandika inauingiza. Folda hiyo ikijaa au ikikosa ruhusa, kunakili kunakwama. Na kwa kuwa hakuna anayekuuliza swali lile, programu inajichagulia: kona ya chini kushoto ya vitu ulivyochagua. Hapo ndipo ploti ya binamu iliposhikwa, na mkono wake ukamalizia kosa.

Kwa kuwa kilichobandikwa ni faili zima, kinakuja na mizigo yake. Kama michoro yote miwili ina bloku iitwayo MLANGO, ya mchoro unaopokea ndiyo inayoshinda. Mlango wako wa milimita 900 unageuka wa 750 kimya kimya. Tabaka zenye jina moja, hali kadhalika. Vipimo je? Ukianza na kiolezo cha inchi kisha ukachora kwa milimita, kama wengi wetu tufanyavyo, siku utakapobandika kwenye mchoro wa milimita kila kitu kitazidishwa kwa 25.4. Amri ya kukagua ni INSUNITS.

Toleo la AutoCAD 2000, lililotoka mwaka 1999 wakati mimi bado sijaanza chekechea, ndilo lililoruhusu michoro mingi kufunguliwa pamoja. Dawa ya binamu ni amri mbili: COPYBASE, inayorudisha swali la sehemu ya kushikia, na PASTEORIG, inayobandika kwenye namba zile zile za asili. Ziko kwenye menyu. Hakuna aliyemfundisha, na Ctrl+V iko karibu na kidole.

Lakini kilichonikesha hasa ni Ivan Sutherland. Mwaka 1963, pale MIT, tasnifu yake ilieleza Sketchpad, programu ya kuchora kwa kalamu ya mwanga kwenye kompyuta ya TX-2. Humo ulichora umbo kuu mara moja, ukaliita popote ulipotaka, na ukilibadilisha, yote yaliyoitwa yalibadilika. Miaka zaidi ya 10 kabla ya Gypsy! AutoCAD nayo ina kitu cha ukoo huo: XREF, tangu Release 11 ya mwaka 1990. Hunakili mchoro wa mpima ardhi. Unauunganisha ulivyo, na akirekebisha kigingi kwenye faili lake, wako unafuata.

Tulikaa naye Jumamosi tukafuta mpaka uliobandikwa, tukaunganisha mchoro wa mpima ardhi kwa XREF, kisha tukairudisha nyumba nyuma mita 2. Kibaraza kikapungua. Mteja alinuna kidogo, na msingi ukachimbwa wiki iliyofuata.