Mtoto anayelikizwa akikataa uji wa asubuhi: Yanayofaa kufahamika Meru na Embu

Katika miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Githongo na Nkubu upande wa Meru hadi Manyatta na Runyenjes upande wa Embu, siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Majani chai huchumwa mapema ili yafikishwe kwenye kituo cha ununuzi kabla ya lori la kiwanda kupita, ng'ombe hukamuliwa gizani, nao wanafunzi huondoka nyumbani na umande. Kikombe cha uji cha mtoto mchanga huingizwa katikati ya pilkapilka hizo, na mara nyingi hapo ndipo mvutano unapozuka. Mtoto hufumba mdomo, hugeuza uso, hutema, au hukipiga kijiko kikaanguka sakafuni.

Kwa mama anayesubiriwa shambani, hali hiyo huzua hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto atashinda na njaa. Ya pili ni kwamba yule aliyeachiwa mtoto, aghalabu nyanya yake, yaya au jirani, atampa chochote kitakachomnyamazisha. Hofu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Kikombe kimoja cha uji kisiponywewa hakimdhuru mtoto mwenye afya. Kinachomdhuru ni kile kinachowekwa mahali pake siku baada ya siku, pamoja na nguvu inayotumiwa kumlazimisha kula.

KULIKIZA NI SAFARI

Kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa, si tukio la siku moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikishe umri wa miaka 2 au zaidi. Mwongozo wa Wizara ya Afya ya Kenya ni huo huo.

Kipindi hicho cha kati ndicho chenye hatari kubwa. Kwa mujibu wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya (KDHS) wa 2022, asilimia 18 ya watoto walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 katika utafiti wa 2014. Nchi imepiga hatua, lakini takriban mtoto mmoja kati ya sita bado ni mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, na sehemu kubwa ya udumavu huo huanza kati ya miezi 6 na miaka 2, wakati mtoto anapotoka ziwani kuelekea chunguni.

HESABU NI YA SIKU NZIMA

Kabla ya kusema kwamba mtoto amekataa kula, ni vyema kuuliza kama tayari ameshiba. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 huhitaji milo 2 au 3 kwa siku pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi 9 hadi 23, huhitaji milo 3 au 4, na kitu chepesi cha kutafuna mara moja au mbili katikati. Kiasi cha chakula huanza na vijiko 2 au 3, kikaongezwa taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250 kwa kila mlo, na kufikia robo tatu au kikombe kizima baada ya mwaka mmoja.

Tumbo lake nalo ni dogo. Hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzani wa mwili, kwa hivyo mtoto wa kilo 8 hujaa kwa mililita 240 hivi. Maziwa ya mama bado humpa nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji hadi afikishe mwaka mmoja. Aliyenyonya saa 10 alfajiri, akanyonya tena saa 11, hana njaa ya uji saa 12 asubuhi.

Dawa yake si kumnyima ziwa usiku. Kwa mama anayeshinda kazini, kunyonyesha usiku ndiko kunakodumisha wingi wa maziwa. Kinachofaa kubadilishwa ni saa ya uji. Ukisogezwa mbele kwa saa moja au mbili, mtoto aliyeukataa alfajiri huupokea bila vita. Familia ikihesabu milo ya kutwa nzima badala ya kukodolea macho kikombe kimoja, mara nyingi itagundua kwamba mtoto anakula vya kutosha, ila si kwa saa ya watu wazima.

SABABU NYINGINE ZA KUKATAA

Zipo asubuhi ambazo mwili wenyewe ndio unaokataa. Fizi zinazoota meno huuma, mafua huziba pua na kumfanya mtoto ashindwe kumeza huku akipumua, nao utandu mweupe wa ukungu mdomoni humfanya alie kijiko kinapomgusa ulimi. Mtoto aliyetoka kuugua hurudiwa na hamu ya chakula polepole. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, apewe chakula laini kidogo kidogo, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili afidie alichopoteza.

Sababu nyingine ni ugeni wa ladha. Mtoto huweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 10, pengine zaidi, kabla ya kukikubali. Mzazi anayeamua baada ya siku mbili kwamba "mtoto wangu hapendi wimbi" amekata tamaa mapema mno.

Huzuni pia hufunga koo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mama aliyeshika mimba nyingine humwachisha mtoto ghafla kwa kupaka titi shubiri au pilipili, au kwa kumpeleka kwa nyanya yake. Mtoto hupoteza maziwa na mama kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi nchini Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast, aliitambulisha dunia kwa jina la kwashiakoo. Neno hilo la Waga humaanisha maradhi yanayompata mtoto pindi mdogo wake anapozaliwa. Kulikiza taratibu, mnyonyo mmoja baada ya mwingine, huepusha mengi.

UJI MWEPESI HUJAZA BILA KUSHIBISHA

Wakati mwingine kasoro imo kikombeni. Uji mwepesi unaomiminika kama maji hujaza tumbo dogo kabla ya kumpa mtoto nguvu za kutosha. Uji unaofaa ni ule unaokaa kwenye kijiko bila kuchuruzika. Unaweza kuongezwa maziwa wakati wa kupikwa, kijiko kidogo cha mafuta, parachichi lililopondwa, au njugu karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa. Njugu nzima asipewe mtoto mdogo kwa kuwa huweza kumsakama. Asali nayo isitiwe katika chakula cha mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake.

Wazee walikuwa na mbinu zao. Wimbi au mtama ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa, hutoa kimea kinacholainisha uji mzito bila kuongezewa maji. Uji uliochachushwa huwa na uchachu ambao watoto wengi huupenda, na madini yaliyo ndani yake hufyonzwa na mwili kwa urahisi zaidi.

Unga uliochanganywa nafaka, maharagwe, soya na njugu kwa pamoja unahitaji tahadhari. Jamii ya kunde huchukua muda mrefu kuiva kuliko nafaka, hivyo uji unapoonekana umeiva huenda maharagwe yaliyosagwa mabichi hayajaiva, na tumbo la mtoto likavuruga. Ni bora uji uwe wa nafaka moja au mbili, na ndengu au maharagwe yapikwe kando.

CHAI SI CHAKULA CHA MTOTO

Uji ukikataliwa, kinachofuata katika nyumba nyingi ni chai na kipande cha mkate. Mtoto huipokea kwa furaha kwa sababu ni tamu, na nyumba hutulia. Hapa ndipo penye hasara ya kimyakimya. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayomtosha kwa takriban miezi 6, na maziwa ya mama huwa na kiasi kidogo tu cha madini hayo. Kuanzia hapo anategemea chakula. Kemikali zilizo katika majani chai hushikana na chuma tumboni na kuzuia kufyonzwa kwake, huku sukari ikimwondolea hamu ya mlo unaofuata. Katika nchi ya milimani inayoishi kwa zao la chai, si rahisi kukumbuka kwamba kinywaji hicho hakimfai mtoto mdogo hata kikitiwa maziwa mengi.

Badala yake, staftahi si lazima iwe uji. Katika sehemu za juu za Meru na Embu zipo ndizi za kupika, viazi vitamu, nduma, viazi vikuu, maparachichi na mayai. Mukimo uliobaki jioni hauna budi kupashwa moto hadi utoe mvuke, kisha upondwe upya. Katika maeneo makavu ya Mbeere, kama vile Siakago, Kiritiri na Ishiara, zipo ndengu, kunde, mbaazi, mtama, mawele, na maembe ya msimu. Kipande cha ini kilichosagwa humpa mtoto chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Ndengu zikiandamana na papai au embe hutoa chuma zaidi, kwa sababu vitamini C husaidia kufyonzwa kwake.

ASILAZIMISHWE

Bado zipo nyumba ambamo mtoto hulazwa chali, akabanwa mikono na kuzibwa pua ili ameze. Chakula kinachoingizwa hivyo huweza kupotea njia na kuingia mapafuni, na mtoto hujifunza kukiogopa kijiko. Chupa ya kunyonyea iliyopanuliwa tundu ili uji upite nayo ni vigumu kuisafisha na huleta magonjwa ya kuhara. Kikombe na kijiko vyatosha.

Mtoto akaliwe karibu, atazamwe usoni, aongeleshwe, na apewe nafasi ya kushika chakula kwa mkono wake hata akijipaka. Akigeuza uso mara ya tatu, chakula kiondolewe bila kugombezwa, ajaribiwe tena baadaye.

ANAYEACHIWA MTOTO

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, nayo Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Mchumaji wa majani chai anayelipwa kwa kilo, au anayechuma katika shamba lake mwenyewe, mara nyingi hafikiwi na mafao hayo. Kwa hivyo aliyeachiwa mtoto ndiye mshirika mkuu, na anastahili maelezo kamili: mtoto amenyonya saa ngapi, atalishwa nini, kiasi gani, na kisichofaa kupewa.

Uji ulioachwa tangu alfajiri ukawa vuguvugu ni makao mazuri ya vijidudu. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuliwa, isipokuwa kiwe bado moto sana, zaidi ya nyuzi 60. Ni heri unga upimwe na kuachwa tayari, uji upikwe mtoto anapokaribia kula.

Unga wenyewe utoke kwenye nafaka kavu isiyo na kuvu. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwafikia watu 317 katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Kuchagua punje zilizooza na kuanika nafaka juu ya turubai, si juu ya udongo, ni sehemu ya malezi. Mahindi yaliyoota kuvu hayageuki salama kwa kusagwa wala kuchemshwa.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Mtoto anayekataa uji lakini ananyonya, anacheza na anaongeza uzani hana tatizo kubwa. Grafu iliyo katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ndiyo shahidi: mstari ukilala au ukishuka, apelekwe kliniki. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya sentimita 12.5 huonyesha utapiamlo, na kilicho chini ya sentimita 11.5 huonyesha utapiamlo mkali.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege, aliyelegea au asiyeamka kwa urahisi, asingojeshwe hadi kesho. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyevimba miguu yote miwili. Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, kabla ya kazi yoyote ya shamba.

Kwa wengine walio wengi, suluhisho limo mikononi mwa nyumba yenyewe. Lori la majani chai lina saa yake, na tumbo la mtoto lina yake. Uji mzito uliokataliwa saa 12 asubuhi huweza kumalizwa saa 3 bila chozi, mradi mahali pake pasiwe pamekwisha kuchukuliwa na kikombe cha chai.