Buluu, machungwa na usingizi wetu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yenyewe ndiyo mada ya leo. Mwezi uliopita, saa kumi alfajiri, nilifuta jedwali la malipo la mteja nikidhani niko kwenye hifadhidata ya majaribio. Nakala ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa ya juzi yake. Siku mbili nzima tuliingiza risiti upya, moja baada ya nyingine, na mteja akiwa kichwani petu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijiona mtu mwangalifu. Skrini yangu hugeuka rangi ya machungwa jua linapotua, na haibadiliki hadi asubuhi. Niliamini kwamba ukishaondoa mwanga wa buluu kwenye kioo, unaweza kukesha bila kulipia. Basi nikaanza kusoma ili nijue imani hii tuliitoa wapi. Nilichopata ni hadithi ya miaka mingi, na ajabu ni kwamba inaanzia kwenye ngozi ya chura.

Mnamo 1958, Aaron Lerner, daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, alikuwa akitafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi. Alitumaini kuwasaidia watu wanaotokwa na madoa meupe mwilini. Kutoka kwenye tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa ng'ombe alitoa kemikali iliyofanya ngozi ya chura iwe nyeupe zaidi. Akaiita melatonini. Wagonjwa wa ngozi haikuwafaa, lakini baadaye ilijulikana kwamba mwili huitoa usiku, na kwamba wanyama wakimulikwa huacha kuitoa. Wengi huifikiria kama dawa ya usingizi. Mimi naiona zaidi kama mpiga mbiu: kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Kwa binadamu mambo yalionekana tofauti. Watu walimulikwa usiku kwa taa za kawaida za ndani, melatonini yao isishuke. Baadhi ya wataalamu wakadhani sisi hatuko kama wanyama wengine. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye taa. Mwanga wa luksi 500, yaani kama wa ofisi yenye taa nzuri, haukutosha katika jaribio lao. Walipowasha luksi 2,500, melatonini ilishuka. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba hata mwanga mdogo zaidi unaweza kuathiri, hasa ukidumu, lakini naomba ukumbuke jambo moja: swali la kwanza lilikuwa la kiasi cha mwanga. Rangi ilikuja baadaye.

Ilikujaje? Kwa sababu ya vipofu. Vitabu vilifundisha kwamba jicho lina aina mbili tu za seli zinazohisi mwanga: za kuonea gizani na za kutofautisha rangi. Hata hivyo, tangu miaka ya 1920 Clyde Keeler wa Harvard alikuwa ameona panya vipofu ambao mboni zao bado zilisinyaa wakimulikwa. Ni kama kukuta programu inajibu ilhali umeshaondoa sehemu yote inayopokea maombi. Ukikuta hivyo, ujue kuna mlango mwingine usioujua. Lakini jambo hilo halikufuatiliwa kwa miongo mingi.

Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake waliwajaribu vipofu 11 ambao hawakuhisi mwanga hata kidogo. Watatu kati yao melatonini yao ilishuka walipomulikwa. Wawili wa hao walipojaribiwa macho yakiwa yamefunikwa, haikushuka. Maana yake jicho lisiloona lilikuwa bado linapeleka habari za mchana na usiku. Mwaka 1999 kundi la Russell Foster likaonyesha jambo hilohilo kwa panya waliokosa aina zote mbili za seli. Tena kumbuka kwamba Foster na wenzake walikuwa wamepingwa kwa miaka, kwa kuwa jicho lilichunguzwa kwa zaidi ya karne moja na hakuna aliyeamini kwamba seli nzima ingeweza kuwaponyoka wachunguzi wote.

Mlango wenyewe ulipatikana, mara nyingine, kwenye ngozi ya chura! Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake waligundua protini inayohisi mwanga katika seli za ngozi ya chura wa Kiafrika aitwaye Xenopus laevis, wakaiita melanopsini. Miaka miwili baadaye wakaikuta ndani ya jicho la binadamu. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake wakaonyesha kwamba seli zenye melanopsini huitikia mwanga zenyewe, bila msaada wa zile aina mbili za zamani. Seli hizi hazitengenezi picha kali. Huukusanya mwanga polepole na kupeleka hesabu kwenye kishada cha seli ndani ya ubongo ambacho ndicho saa kuu ya mwili.

Hapo ndipo buluu inapoingia. Mwaka 2001 makundi mawili, la George Brainard kule Philadelphia na la Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, yaliwamulika watu usiku kwa rangi mojamoja na kupima melatonini. Majibu yao yalikaribiana sana: mwanga uliokuwa na nguvu kuliko wote ulikuwa wa buluu, wa urefu wa wimbi kama nanomita 460.

Sasa angalia lililotokea upande wetu wa teknolojia. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia kule Japani, alikuwa ametoa LED ya buluu inayong'aa vizuri, kazi iliyompa Nobeli ya 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. LED nyeupe tulizo nazo kwenye simu, tarakilishi na taa za sebuleni kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaotoa manjano. Kwa hiyo biolojia ilipokuwa inaanza kuionya dunia kuhusu buluu, viwanda vilikuwa vimeshaanza kutujazia buluu nyumbani.

Mwaka 2009 Michael na Lorna Herf walitoa f.lux, programu inayopunguza buluu ya skrini jua linapotua. Mwaka 2016 Apple ikaweka Night Shift kwenye simu zake, na Windows ikafuata 2017. Nasi watayarishaji programu tulifurahi, maana tatizo la mwili lilikuwa limegeuzwa kuwa kitufe. Sisi tunapenda vitufe.

Je, kitufe kinafanya kazi? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walichapisha jaribio la vijana 167. Wengine walitumia simu yenye Night Shift kabla ya kulala, wengine bila, wengine hawakutumia simu kabisa. Kwa jumla hakukuwa na tofauti kati ya waliowasha Night Shift na wasioiwasha. Mwaka 2023 kundi la Basel, Uswisi, liliwamulika watu 16 kwa saa moja kabla ya kulala, mwanga ukielekea manjano au buluu huku msisimko wa melanopsini ukiwa uleule. Halikupata ushahidi thabiti kwamba rangi tunayoiona ndiyo inayobadilisha usingizi.

Hii haimaanishi akina Brainard walikosea. Melanopsini inapenda buluu kweli. Ila melanopsini haijui jina la rangi, inahesabu tu mwanga unaoifikia. Skrini ya machungwa inayong'aa kwa nguvu, chini ya taa nyeupe ya darini, bado ni mwanga mwingi. Na simu yenyewe, ukilinganisha na jua la nje linaloweza kupita luksi 50,000, ni kibatari.

Jua hilo ndilo nililolisahau. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliwaweka vijana 14 kwenye mwanga mkali kwa saa sita na nusu mchana, kisha jioni wakasoma kwenye tableti au kitabu cha karatasi. Usingizi haukutofautiana. Inaelekea jicho lililoshiba mchana halibabaishwi kirahisi na skrini ya jioni. Mimi naishi Nairobi, karibu kabisa na ikweta, ambako jua halikosekani mwaka mzima kwa takriban saa kumi na mbili kila siku, na bado nilikuwa nashinda ndani pazia zimefungwa ili kioo kisiakisi.

Tena hata melatonini ingekuwa sawasawa, hakuna rangi inayorudisha saa tano ambazo hukulala. Ule usiku wa jedwali nilikuwa macho tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Machungwa ilinipa ruhusa ya kutolala, na ruhusa hiyo nilijiandikia mwenyewe.

Kwa hiyo nimebadilisha mambo matatu. Asubuhi natembea nje nusu saa kabla ya kufungua barua pepe. Saa tatu usiku nazima taa ya darini na kupunguza mwangaza wa skrini. Na baada ya saa nne usiku sigusi hifadhidata ya mtu. Night Shift nimeiacha iwake, macho yangu yameizoea, ila sasa ni pambo tu.

Ni hayo kwa leo. Ni saa tatu na dakika hamsini, acha niwahi. Mlale salama.