Kufuli la Wimbo

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ina maneno matatu tu, lakini ndani yake mna hukumu kamili. Anayecheza ana haki ya kutuzwa, na wanaopaswa kumtuza ni wale wale wanaofurahiwa na mchezo wake. Zamani hukumu hiyo ilikuwa nyepesi kutimizwa. Katika ngoma ya kilumi huko Ukambani, mpiga ngoma na watazamaji walikuwa katika uwanja mmoja. Ngoma ilipokwisha, sauti nayo ilikwisha; aliyetaka kuisikia tena alimwita mwimbaji, au aliimba mwenyewe kwa kadiri alivyokumbuka. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuichukua sauti ya mwenziwe na kuitia mfukoni.

Siku hizi sauti hutiwa mfukoni, na kwa sababu hiyo watu wameitilia kufuli. Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi kufuli hilo lilivyoundwa, jinsi lilivyofika Machakos, na jinsi lilivyomgusa mtu ambaye aghalabu husahauliwa katika mashauri haya, yaani msikilizaji wa kawaida.

Mji wa Machakos ni mkongwe kuliko Nairobi. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilifungua kituo chake hapo mwaka 1889, miaka 10 kabla ya reli kufika Nairobi. Lakini reli haikupita Machakos, na mambo mengi makubwa yaliifuata reli. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa muziki. Studio za kurekodi na mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi, na mwanamuziki wa Machakos aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alisafiri kilomita 60 na zaidi kuifuata. Mmoja wa waliofanya hivyo ni Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers, iliyochukua jina la mlima ulio katika kaunti ya Machakos. Katika miaka ya 1970 na 1980 aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, akapendwa mbali nje ya Ukambani.

Santuri ilikuwa na kufuli la asili. Mtu aliweza kuinunua, kuiazima kwa jirani, kuiuza, au kumwachia mwanawe. Bali hakuweza kutengeneza ya pili, kwa kuwa mtambo wa kuichapa haukuwa kitu cha kuwekwa nyumbani. Kwa hiyo haki mbili zilikaa pamoja pasipo ugomvi. Mtunzi alikuwa na haki ya kulipwa kwa kila sahani iliyouzwa, na mnunuzi alikuwa na haki ya kufanya apendavyo na sahani aliyoinunua. Kama mtunzi alipunjwa, na wengi walipunjwa, mara nyingi mkosaji hakuwa msikilizaji. Alikuwa mtu aliyesimama katikati yao na daftari lake lisiloonwa na wengine.

Sheria nayo ilikuwako. Uingereza ilitunga sheria ya kulinda vitabu mwaka 1710. Sheria yake ya mwaka 1911 ilizilinda pia sauti zilizorekodiwa, nayo ikapelekwa katika makoloni. Kenya ilipokuwa huru ilijitungia Sheria yake ya Hakimiliki, iliyoanza kazi mwaka 1966. Mwaka 1983 kikaundwa Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya, ili kukusanya malipo katika mabaa, mahoteli, redio na mahali pengine ambapo muziki hupigwa hadharani. Sheria hiyo iliwatazama wafanya biashara. Haikuingia katika chumba cha msikilizaji kumwuliza habari za sanduku lake la santuri.

Kilichovunja amani hiyo ni kitu kidogo chenye utepe. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kanda yake ya kwanza ya kaseti, na kabla ya miaka 20 kupita kanda zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki nzima. Redio yenye nafasi mbili za kanda iliweza kutoa nakala moja baada ya nyingine, mezani pa mtu yeyote. Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili lilikuwa baya tu. Kanda ilifika vijijini ambako santuri hazikufika. Haikuhitaji umeme wa serikali, betri zilitosha. Lakini madhara yake yalikuwa makubwa. Wachuuzi walidurufu kanda kwa mamia bila kumpa mtunzi hata senti, na bei yao ilikuwa ndogo, kwa sababu hawakuwa wamelipia studio wala wapiga gita. Kampuni kadha kubwa za kigeni zilizokuwa zikifanya kazi ya muziki Nairobi ziliondoka, na wizi huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwanamuziki akawa kama mkulima ambaye shamba lake limezaa sana na ghala lake ni tupu.

Kenya ilitafuta dawa katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003. Sheria hiyo ilileta kinga tatu, na yafaa tuzipime moja moja. Ya kwanza ni kibandiko cha uhalali, ambacho kila kanda au sahani iliyouzwa ilitakiwa kuwa nacho. Kinga hii haikumdhuru msikilizaji. Ilimsaidia kujua halali na haramu. Udhaifu wake ulionekana baadaye, nyimbo zilipoacha kanda na kuhamia katika kompyuta na kadi ndogo za simu. Katika miji yetu vijana walifungua vibanda vya kujaza nyimbo katika kadi hizo kwa shilingi chache, na kibandiko kikakosa mahali pa kubandikwa, maana wimbo haukuwa tena na mwili. Kinga ya pili ni ada juu ya mashine za kurekodi na kanda tupu, itakayolipwa na mtengenezaji au mwagizaji. Wazo lake ni la busara: watu watanakili nyimbo majumbani mwao kwa matumizi yao, basi na walipwe waimbaji kwa njia hiyo, bila kumfuata kila mtu nyumbani. Kinga ya tatu ndiyo kufuli lenyewe. Sheria ilikataza mtu kuivunja mbinu yoyote ya kitaalamu iliyowekwa kuzuia kunakili.

Ili tulielewe kufuli hilo hatuna budi kutoka Machakos kwa kitambo na kwenda Marekani, ambako lilijaribiwa kwa ukali zaidi. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza huko sahani za muziki zilizofichwa programu ndani yake. Mnunuzi alipoitia sahani katika kompyuta yake, programu iliingia na kujificha, ikahesabu nakala anazofanya na kumzuia asizidishe. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo mtaalamu Mark Russinovich aliutangazia ulimwengu kwamba maficho hayo yalikuwa pia mlango wazi kwa programu za wahalifu. Kelele zikawa nyingi, na mwezi wa Novemba kampuni ikaziondoa sahani hizo madukani. Sasa zingatia ni nani aliyeumia. Aliyeuiba wimbo katika intaneti aliupata safi. Aliyekwenda dukani na kutoa fedha yake ndiye aliyerudi nyumbani na maradhi katika kompyuta.

Miaka mitatu baadaye lilitokea jambo jingine. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imeuza nyimbo zenye kufuli, na ufunguo wa kila wimbo ulitolewa na mashine za kampuni yenyewe. Mwaka 2008 ikatangaza kwamba itaacha kutoa funguo. Maana yake ni kwamba mteja atakayebadilisha kompyuta hataweza kusikiliza alichokilipia. Watu walilalamika, na muda ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2011, lakini somo lilikwisha kufundishwa: mali ambayo ufunguo wake uko kwa mwingine si mali yako. Kampuni ya Apple, iliyouza nyimbo nyingi kuliko nyingine zote wakati huo, iliondoa makufuli katika nyimbo zake mwaka 2009.

Je, makufuli yalikwisha? La, yalibadili sura. Duka la nyimbo likageuka nyumba ya kupanga. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, ikizikuta huduma nyingine za namna hiyo, kama vile Boomplay. Msikilizaji wa Machakos hulipa kwa mwezi na kupakua nyimbo katika simu yake. Lakini nyimbo hizo hazitoki katika programu iliyozileta. Hawezi kuzihamisha katika redio ya mzazi wake, wala kumwazima rafiki. Katika Spotify simu hutakiwa kuungana na mtandao angalau mara moja katika siku 30, na mteja asipolipa, nyimbo alizopakua hunyamaza. Sisemi kwamba ni dhuluma. Mpangaji hupata nyumba kwa bei nafuu, na mtunzi hupata chochote badala ya kukosa kabisa. Nasema tu kwamba ajuaye kuwa amepanga hapaswi kuambiwa kuwa amenunua.

Liko jambo moja zaidi, nalo lawahusu ninyi vijana kuliko wazee. Sheria huhesabu miaka, kufuli halihesabu. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, sauti iliyorekodiwa hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe hulindwa miaka 50 baada ya mwaka ambao mtunzi alifariki. Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987. Kwa hesabu hiyo, tungo zake zitalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2037, kisha zitakuwa urithi wa watu wote. Huo ndio mkataba baina ya mtunzi na taifa lake: taifa humlinda kwa muda, naye mwishowe huliachia taifa kazi yake. Santuri na kanda, hata zile zilizokwaruzwa, zinaweza kuufikisha wimbo hadi siku hiyo, kwa kuwa ziko mikononi mwa watu. Lakini wimbo wa leo ulio ndani ya kufuli tu, utafikaje katika mikono ya wajukuu ikiwa kampuni yenye ufunguo itafunga milango?

Basi tusiwe na pupa ya kuhukumu upande mmoja. Mwenye kusema kwamba nyimbo zote ziwe bure hajawahi kufikiri nani hulipa nauli ya mpiga gita kwenda studio. Na mwenye kusema kwamba kila wimbo ufungwe hajafikiri habari ya msikilizaji mwaminifu, ambaye hubeba mzigo wa kufuli siku zote, hali mwizi hupita dirishani. Kinga njema ni ile inayomwendea mfanya biashara wa wizi, inayofungua daftari la mapato ili mtunzi alione, na inayomwachia mnunuzi alichokinunua.

Kwa upande wako, msomaji, uipendapo sauti ya mtu wa kwenu, uliza mahali ambapo fedha yako itamfikia, kisha umlipe. Na kama nyumbani kwenu kuna santuri za zamani, zitunze mbali na jua na vumbi. Huenda zikawa nakala za mwisho.